Akina Bosco Wasio Ndugu

Wajukuu zangu, mkipata ruhusa ya mwalimu, chukueni daftari la mahudhurio msome majina kwa sauti. Hapa Berega mtawakuta akina Yohana, Neema, Petro, Mariamu na Hamisi. Mkienda kwenye shule zenye watoto wengi wa Kikatoliki, kule Mikumi au Morogoro mjini, msishangae kumkuta Bosco. Wengine wameandikwa Johnbosco, neno moja bila kupumua. Basi mtoto mmoja akaniuliza: hawa akina Bosco ni ukoo gani, mbona wako kila mkoa na hawafanani?

Swali zuri sana. Jibu lake linaanzia mbali, kaskazini mwa Italia, kwenye kitongoji kiitwacho Becchi.

Mwaka 1815 alizaliwa huko mtoto aliyeitwa Giovanni, yaani Yohana. Baba yake aliitwa Francesco Bosco. Kwa desturi ya Waitaliano, mtoto hulibeba jina la ukoo wa baba, na mjukuu vilevile, na kitukuu, karne hadi karne. Kwa hiyo Bosco halikuwa jina lake la kuitwa nyumbani. Lilikuwa jina la kaka zake wote na la babu yake pia. Kabla Giovanni hajatimiza miaka miwili, baba alifariki. Mama yake, Margherita, akabaki mjane mwenye shamba dogo na watoto wa kulea.

Giovanni alikuwa mtundu wa aina nzuri. Aliwatazama wanamazingaombwe kwenye magulio, akarudi nyumbani kujifunza michezo yao hadi akaiweza. Alifunga kamba kati ya miti miwili akatembea juu yake, watoto wa kijiji wakakusanyika. Kiingilio hakikuwa senti. Ilikuwa sala, na kusikiliza mahubiri aliyoyashika kanisani.

Mwaka 1841 akawa padre katika jiji la Torino. Waitaliano humwita padre "Don", ndiyo maana tunasema Don Bosco. Torino wakati ule ilikuwa imejaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi. Walibeba matofali, walilala popote, wengine waliishia gerezani. Don Bosco aliwakusanya, akawapa pa kulala, kisha akafanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko yale mazingaombwe yote: aliwaandikia mikataba.

Upo mkataba mmoja wa Februari 1852, ulioandikwa kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali. Unamhusu kijana aliyepelekwa kwa fundi seremala kujifunza kazi. Fundi aliahidi kumfundisha useremala wenyewe, asimgeuze mtumwa wa kazi nyingine. Akikosea, amrekebishe kwa maneno, si kwa kipigo. Siku za sikukuu awe huru. Kijana naye aliahidi utii na bidii, na Don Bosco akatia sahihi. Fikirini hilo: mtoto maskini ana karatasi inayomlinda mbele ya bosi wake, zaidi ya miaka 170 iliyopita! Hadi leo wapo vijana wetu kwenye gereji na karakana wasio na karatasi kama ile. Baadaye Don Bosco alifungua karakana zake mwenyewe za washonaji, washona viatu, maseremala na wachapaji. Alifariki tarehe 31 Januari 1888, na mwaka 1934 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu.

Lakini hakuwa Bosco peke yake duniani. Katika jiji hilohilo la Torino alizaliwa mwaka 1793 Bartolomeo Bosco, mwanamazingaombwe wa kweli, aliyepigana katika jeshi la Napoleon kule Urusi na baadaye akavuma Ulaya kwa mchezo wa vikombe na vijipira. Ufaransa walikuwa na Henri Bosco, mwandishi wa hadithi, ambaye miongoni mwa vitabu vyake kimo kimoja kuhusu Don Bosco. Marekani walikuwa na mwigizaji Philip Bosco. Hata mahali pana jina hilo. Bosco Marengo ni mji alikozaliwa Papa Pius wa Tano mwaka 1504. Bosco Gurin ni kijiji cha milimani Uswisi, na wenyeji wake wa asili wanazungumza aina ya Kijerumani ingawa majirani wote wanasema Kiitaliano.

Na kile kijiji chenye kitongoji cha Becchi je? Zamani kiliitwa Castelnuovo d'Asti. Mwaka 1930 kikabadilishwa jina kikawa Castelnuovo Don Bosco. Mtoto alizaliwa kijijini, kijiji nacho kikaja kuchukua jina la mtoto. Hapohapo alizaliwa pia Giuseppe Allamano, mwaka 1851, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Konsolata. Hao waliingia Iringa mwaka 1919, na ndio wenye hospitali ya Ikonda kule Makete.

Sasa jina lilifikaje kwetu Afrika? Mapadre wa shirika la Don Bosco, Wasalesiani, walifika Katanga, Kongo, mwaka 1911. Tanzania na Kenya walikuja 1980. Popote walipofika waliacha shule na vyuo vya ufundi, na wazazi wakaanza kuwabatiza watoto wao kwa jina la mtakatifu. Katanga hiyohiyo ndiyo iliyotutolea Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na gitaa likasikika kana kwamba wapigaji ni wawili. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko, na mpaka leo wapiga gitaa wa mabara mengine wanahangaika kuiga wimbo wake wa Masanga.

Mashariki ya Kongo alitokea Bosco mwingine, na siwafichi: Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kifungo cha miaka 30, na miongoni mwa makosa yake ni kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Jina ni lile la padre aliyewatoa watoto barabarani. Jina halikumzuia.

Sasa tazameni jinsi jina lilivyogeuka njiani. Kule Italia Bosco linakaa mwisho na halitoki. Kwetu limepanda mbele, likawa jina la mtoto mwenyewe. Tuseme mzee Petro amembatiza mwanawe Bosco. Bosco akizaa binti, shuleni ataandikwa Neema Bosco Petro. Neema akiwa na kaka, Daudi, mtoto wa Daudi ataandikwa, tuseme, Samweli Daudi Bosco. Mtoto wa Samweli akifika darasa la kwanza, majina yake matatu yatakuwa lake, la Samweli na la Daudi. Bosco ametoka, isipokuwa familia iamue kulifanya jina la ukoo. Ndiyo maana akina Bosco wa Tanzania si ndugu, kila mmoja amelipata kwake.

Na sisi Wakaguru tuna la ziada. Ukoo wetu unafuata upande wa mama. Daftari la shule linaandika baba na babu, lakini ukiuliza nyumbani mtoto huyu ni wa nani, bibi atataja ukoo wa mama yake, ambao haumo kwenye daftari hata kwa herufi moja. Jina Bosco haliwezi kukuambia hilo.

Hapa Berega kanisa na hospitali ya misheni ni za Waanglikana, kwa hiyo Bosco si wengi. Lakini mkitoka hadi barabara kuu, mkapita Gairo na Kibaigwa, mtafika Dodoma kwenye chuo cha ufundi cha Don Bosco. Iringa kipo kingine. Dar es Salaam, Upanga, kuna uwanja wa Don Bosco ambako vijana hucheza mpira wa kikapu. Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakimbizi wanajifunza ufundi chini ya jina hilohilo. Na Mikumi kwetu, hospitali inaitwa Mtakatifu Kizito, jina la kijana wa Buganda aliyeuawa Namugongo mwaka 1886. Hilo nalo sasa ni jina la watu wengi ambao hawajawahi kufika Buganda.

Leo jioni muulizeni bibi mambo mawili: nani alikupa jina lako, na ukoo wa mama yako ni upi. Andikeni majibu yote kwenye daftari, na mwaka mliouliza, kwa sababu la pili hakuna ofisi itakayowaandikia.