Kianzio cha China: ukisikia ni kimoja, kimaandishi ni viwili

Kikundi chetu hapa bondeni Bugwema kilichanga hela ya mahindi ya msimu mzima tuagize pampu za kumwagilia kutoka Guangzhou. Kabla ya kutuma hata senti, jamaa wa Kariakoo anayefuata mzigo huko akaninoa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa kule.

Kuuliza bei ni "gei do chin?" Kuomba upunguziwe, "peng di la". Mkataba ni "hap tung". Muhuri wa kampuni ni "gung jeung", mwekundu wa duara. Usipouona, usitume kitu.

Sasa lile lenye hela: "deng gam", yaani kianzio. Kwenye simu husikii tofauti, ila linaandikwa namna mbili. 定金 ina meno: muuzaji asipotimiza mkataba anakurudishia mara mbili, ukiingia mitini wewe imekula kwako. Sheria ya Madai ya China, inayotumika tangu 1 Januari 2021, inataka isizidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba. 订金 ni malipo ya awali tu. Mambo yakiharibika unadai ulichotoa, basi.

Mkataba wetu ulikuja na 订金, tena asilimia 50! Tukaomba iwe 定金 ya asilimia 20. Muuzaji akagoma siku mbili, ya tatu akakubali.

Kwa hiyo mdau, usiishie kusikia. Angalia herufi ya kwanza, ndiyo ulinzi wako. Nawasilisha.