Kabla ya Kuomba Shahada ya Tiba ya Usemi na Lugha

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu huanza kuingia. Mzazi anaeleza kwamba binti yake amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia (PCB), alama zake hazifiki za udaktari, na kwenye orodha ya Muhimbili ameona shahada yenye jina refu inayohusu usikivu na usemi. Aijaze? Nami huuliza kama binti mwenyewe anaijua kazi hiyo. Jibu nilipatalo mara nyingi ni hili: "Si ni kuwafundisha watoto wasiosema waseme?"

Hiyo ni sehemu tu, tena si kubwa kama watu wanavyodhani. Ingia wodi ya wagonjwa wa kiharusi katika hospitali kubwa yoyote. Pale yupo mzee ambaye wiki iliyopita alikuwa akiendesha daladala, na leo anaelewa kila unalomwambia lakini neno halimtoki. Pembeni yake yupo mama anayetiririka maneno yasiyoshikana, na hajui kwamba hayashikani. Hao wawili wameumia sehemu tofauti za ubongo, na tiba zao hazifanani. Elimu hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyekuwa amebakiwa na silabi moja tu, "tan", akaonyesha eneo la upande wa mbele kushoto lililoharibika. Mwanafunzi wa fani hii hukutana na kisa hicho mapema, halafu hutumia miaka iliyobaki akijifunza kwamba mambo ni magumu kuliko Broca alivyoyaona.

Kisha lipo jambo linalowashangaza waombaji karibu wote, nalo ni kumeza. Misuli tunayoitumia kusema ndiyo hiyohiyo tunayoitumia kula. Kiharusi kikiidhoofisha, uji unaweza kuingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na mgonjwa aliyenusurika kiharusi akafa kwa nimonia. Mtaalamu wa usemi ndiye anayempima mgonjwa huyo, akaamua kama anywe uji mwepesi au mzito, akae vipi, alishwe kwa kasi gani, au asipewe kitu mdomoni kwa sasa. Ndugu wanaomlisha mgonjwa akiwa amelala chali hawana nia mbaya. Hakuna aliyewaambia. Mwombaji ambaye makohozi na mate humkirihisha ni heri ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi iko huko.

Kwa upande wa watoto wapo wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, wenye kigugumizi, waliozaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa, na viziwi. Yupo pia mtoto asiye na ugonjwa wowote unaoonekana ila ana miaka mitatu na maneno yake hayazidi kumi. Huyu mara nyingi hunifikia kliniki akiwa tayari ameshakatwa kile kijinyama chembamba kilicho chini ya ulimi, kwa sababu bibi au jirani alisema ndicho kinachomzuia kuongea. Hakimzuii. Ulimi uliofungwa unaweza kumpa mtoto mchanga shida ya kunyonya, na baadhi ya sauti zikamtoka kwa taabu, lakini haumnyimi mtoto maneno. Mtoto anayechelewa kusema hupimwa masikio kwanza. Naandika hivi nikijua kwamba wapo wazazi watakaosoma makala hii bila haja yoyote ya chuo. Na wao wachukue walau hilo.

Masikio na usemi huenda pamoja, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kiliziunganisha fani mbili, upimaji wa usikivu na tiba ya usemi na lugha, katika shahada moja. Kwa nchi kama yetu naona ni uamuzi wa busara. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto vifaa vya kusikia ndani ya sikio, upasuaji ambao zamani ulimlazimu mtoto kupelekwa nje ya nchi. Kifaa kikishawekwa, mtoto hasikii maneno siku hiyohiyo akayaelewa. Anasikia sauti ambazo ubongo wake haujawahi kuzipanga, na kuzipanga huchukua miaka ya mazoezi ya kila siku nyumbani na kliniki. Upasuaji huchukua saa chache; kazi inayofuata ni ya wataalamu hawa pamoja na mama wa mtoto.

Sasa maombi yenyewe. Kwa Tanzania, mlango wa kawaida ni tahasusi ya sayansi yenye Biolojia. Alama zinazotakiwa kwa mwaka husika zimo katika mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ausome mwombaji mwenyewe, asitegemee picha ya ukurasa iliyozungushwa kwenye makundi ya simu, kwa sababu vigezo hubadilika. Maombi hutumwa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, si TCU. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri, na asiyethibitisha ndani ya muda hupoteza nafasi huku akiwa na alama nzuri mkononi.

Mfumo wetu una tatizo moja ambalo silioni likisemwa. Haumuulizi mwombaji kwa nini anaitaka fani. Unapima alama, unapanga majina, basi. Matokeo yake ni kwamba darasani huketi vijana walioijaza shahada hii kama chaguo la tatu au la nne, wakishusha pumzi kwamba angalau wamepata kitu cha afya. Baadhi huipenda wakiwa ndani. Wengine huimaliza kwa kujikaza, na mgonjwa wa kiharusi, ambaye anahitaji mtu wa kumsubiri dakika nzima atoe neno moja, anamtambua aliyejikaza kabla hata hajavaa koti jeupe. Kwa kuwa chuo hakikuulizi, jiulize mwenyewe, na usijiulize ukiwa chumbani. Omba kukaa siku kadhaa kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Nenda shule ya viziwi, kama ile ya Buguruni kwa walio Dar es Salaam, au kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kilicho karibu nawe. Kaa na mzee wa ukoo aliyepata kiharusi, umsikilize bila kummalizia sentensi. Ukiona saa haziendi, umeshapata jibu.

Nje ya Tanzania, Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kilichotangulia Afrika Mashariki. Kilianza kufundisha shahada hii mwaka 2008, na miongoni mwa waliosoma pale wamo Wakenya na Watanzania waliorudi kufungua huduma mahali ambapo hazikuwapo kabisa. Mwenye cheti cha Tanzania au Kenya anayeomba huko hulazimika kwanza kulinganishiwa vyeti vyake na baraza la mitihani la Uganda. Awasiliane na ofisi ya udahili ajue mwaka huo wanapokea wanafunzi au la, kabla hajalipa ada ya maombi. Afrika Kusini wana mizizi mirefu zaidi. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kimekuwa kikifundisha fani hii tangu miaka ya 1930. Shahada ni ya miaka minne, na mhitimu wa nchi hiyo hutumikia jamii mwaka mmoja kabla ya kufanya kazi kwa uhuru.

Wanaoniuliza kuhusu Uingereza ni wengi, wakiwamo vijana wa familia za Kiswahili waliokulia huko. Kule maombi hupitia mfumo wa pamoja wa udahili, UCAS, ambako mtu huruhusiwa kuchagua vyuo vitano na kuandika maelezo binafsi yasiyozidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Tangu udahili wa mwaka 2026 maelezo hayo hujibu maswali matatu: kwa nini unaitaka fani hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umejiandaaje. Vyuo vingi huongeza usaili. Mwombaji anayezungumzia watoto mwanzo mwisho huonyesha kwamba hajaichunguza kazi. Anayetaja kumeza, kiharusi na ugonjwa wa Parkinson huonekana amefanya utafiti wake. Aliyekulia England na mwenye haki ya ada ya mwenyeji aulizie pia mfuko wa serikali wa wanafunzi wa fani za afya, ambao kwa taratibu za miaka ya karibuni hutoa pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa. Mwanafunzi wa kigeni hahusiki nao.

Kuna sharti moja la Uingereza linalostahili kusomwa mara mbili. Baraza linalosajili fani hizi, HCPC, hutaka mtaalamu wa usemi na lugha awe na Kiingereza cha kiwango cha 8 katika mtihani wa IELTS, na asishuke chini ya 7.5 katika kipengele chochote. Fani nyingine zilizo chini ya baraza hilohilo huruhusiwa 7. Hawakukosea. Anayempima mtu lugha lazima aimudu lugha hiyo mpaka kwenye vijia vyake.

Basi tuigeuze hoja hiyo upande wetu, maana hapa ndipo kiini cha makala hii kilipo. Anayerudi kutoka London au Johannesburg na shahada nzuri hurudi na vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza. Vinapima kama mtoto anaongeza sauti ya wingi mwishoni mwa jina na kama anabadili mwisho wa kitenzi kwa wakati uliopita. Mtoto wa Temeke au Mombasa hana vitu hivyo katika lugha yake. Yeye ana ngeli, ana viambishi vinavyojazana mbele ya kitenzi, ana *mb* na *nd* mwanzoni mwa neno. Tafsiri ya maswali ya Kiingereza haigusi lolote kati ya hayo.

Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Mtoto wa miaka mitano akisema "kitabu yangu" mjini Unguja, ambako kila mtu mzima anayemzunguka anasema "kitabu changu", namwandikia arudi nimpime vizuri. Mtoto wa Nairobi akisema hivyohivyo namsikiliza baba yake kwanza, na mara nyingi baba naye anasema "kitabu yangu". Huyo mtoto amejifunza lugha ya nyumbani kwao sawasawa. Ni vivyo hivyo kwa "lafiki" badala ya "rafiki", na kwa "zambi" badala ya "dhambi". Mtaalamu asiyezijua lahaja na lafudhi atawatibu watoto wazima, na atawaacha wagonjwa akidhani ni lafudhi.

Tafiti za kumsaidia zipo, ila ni chache. Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wa Nairobi na mwaka 2005 akachapisha kitabu kuhusu namna wanavyojifunza Kiswahili, akaonyesha jinsi wanavyoanza kwa kuacha baadhi ya viambishi vya kitenzi kabla ya kuvikamilisha. Mwaka 2015 Nazia Gangji na wenzake wawili walichapisha matokeo ya awali kuhusu matamshi ya watoto 24 wa Dar es Salaam, wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Watoto 24, kwa lugha inayozungumzwa na mamilioni kutoka Pwani hadi Kongo. Utafiti ule ni mzuri, na wenyewe waliuita wa awali.

Kwa hiyo mwombaji asiulize tu ni chuo gani kina jina. Aulize mafunzo ya vitendo atayafanya na wagonjwa wa lugha gani. Saa za kliniki ndizo zinazomtengeneza mtaalamu, na aliyezitumia zote kwa Kiingereza atalazimika kujifunza upya akirudi. Kwa anayekusudia kufanya kazi hapa nyumbani, nasema Muhimbili au Makerere kwanza, ng'ambo baadaye kwa shahada ya pili. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, wakisema vifaa na wakufunzi wengi wako nje. Ni kweli wako nje. Lakini vifaa hununuliwa, na sikio linalozitofautisha lahaja za Kiswahili halipatikani kwenye maabara ya Manchester.

Anayeamua kwenda nje kwa shahada ya kwanza apate kutoka TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka, na aulize mapema shahada hiyo itatambuliwaje akirudi. Wavulana nao wasiogope. Fani hii imejaa wanawake karibu kila nchi, na wapo wazee wetu ambao baada ya kiharusi hukataa kabisa kulishwa au kufundishwa kumeza na msichana wa umri wa mjukuu wao.

Anayetegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo aanze na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu lazima kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, na foleni hurefuka matokeo yakishatangazwa. Kipelekeni sasa.