PRESHA SI UGONJWA WA MATAJIRI



Wanachama wa Buterere wametuomba tuandike habari za presha, yaani shinikizo la damu. Wameomba kwa ajili ya mambo yaliyompata mwenzetu mmoja. Hatutaji jina lake wala la kiwanda chake, lakini kila msomaji wa ukurasa huu anamjua mtu wa namna yake.

Mwenzetu huyo alikuwa mbeba magunia. Kwa nguvu hakuna aliyemshinda. Usiku mmoja, katikati ya zamu, alianza kusema maneno yasiyoeleweka, mkono wa kulia ukaachia gunia, na mdomo ukaenda upande. Kapita akasema amelewa, akamwamuru atoke. Nyumbani watu wakasema amerogwa, wakampeleka kwa mganga. Siku ya tatu ndipo alipofika hospitalini, na daktari akaeleza kwamba mshipa wa damu ulipasuka kichwani kwa sababu ya presha. Ugonjwa huo unaitwa kiharusi. Leo yu hai, lakini mkono wake haushiki kitu. Mke wake anauza ndagala sokoni, naye ndiye anayelisha watoto watano.

Tulipokwenda kumwona alituonyesha kijikaratasi cha dispansari cha miaka miwili nyuma. Kimeandikwa 190 kwa 110. Siku ile alipewa vidonge vya mwezi mmoja. Alivimeza, akajiona mzima, akaacha. Tusimcheke. Ni wangapi kati yetu wanaonunua dawa hali hawaumwi, na mchele haujanunuliwa?

PRESHA NI NINI

Moyo ni pampu. Mishipa ni mabomba. Moyo unaposukuma damu, damu inakandamiza kuta za mishipa. Ndiyo maana tunapewa hesabu mbili: ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapopumzika. Kipimo cha mkanda wa mkononi, tunachokiona kwa wauguzi, kina zaidi ya miaka 100. Daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, alieleza mwaka 1905 jinsi ya kusikiliza sauti za mshipa chini ya mkanda huo, na njia yake inatumika hata leo.

Madaktari wengi wanasema presha iko juu ikifika 140 kwa 90 au kupita, na ikiwa imepimwa hivyo zaidi ya siku moja. Kabla ya kupimwa kaa kitini dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani. Ukipimwa mara tu baada ya kushusha gunia au kugombana na kapita, hesabu itadanganya.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Fundi wa mashine anajua: bomba lililojazwa kupita kiasi halilii. Linavumilia mwaka, miaka miwili, mitano, halafu linapasuka mahali palipo dhaifu. Kwa mwanadamu mahali hapo ni kichwani, moyoni, kwenye mafigo au machoni. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani limesema kwamba kati ya watu wazima watatu, mmoja ana presha, na karibu nusu yao hawajui kuwa wanayo. Na kati ya watano wenye presha, wanne hawatibiwi ipasavyo.

WALISEMA MWAFRIKA HANA PRESHA

Wazee walituambia kwamba presha na kisukari ni magonjwa ya Wazungu na ya matajiri wenye matumbo. Wazee hawakusema uongo. Walisema waliyoyaona. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Donnison, aliandika kwamba kwa muda wa miaka miwili hivi hospitali yake huko Kavirondo ya Kusini, nchini Kenya, ililaza wagonjwa wapatao 1,800, wala hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu.

Basi, ni damu ya Mwafrika iliyobadilika? La. Watafiti wakiongozwa na daktari Poulter waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya wakaenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari zao zilichapishwa mwaka 1990. Waliohamia mjini walipanda presha baada ya muda mfupi tu, hata kabla ya kumaliza mwaka. Mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi wanayokula imeongezeka, na potasiamu, ile madini inayopatikana katika mboga, maharagwe na ndizi, imepungua. Uzito wao nao ulikuwa juu, na mapigo ya moyo yalikwenda mbio zaidi.

Kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha.

Nchini Tanzania watafiti walihesabu vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro miaka ya 1990. Mwaka 2000 walitangaza kwamba, ukilinganisha watu wa umri mmoja, kiharusi kinaua zaidi huko kuliko Uingereza. Sababu kubwa waliyoidhania ni presha isiyotibiwa. Tazameni basi: ugonjwa ulioitwa wa Wazungu sasa unaua zaidi huku kwetu, maana wao wanapimwa na kumeza dawa, na sisi tunangoja tuanguke.

Nasi wa Buterere tujitazame. Wengi tumeshuka kutoka vilimani, tukaja kukaa karibu na viwanda vya Bujumbura. Kule tulikula maharagwe, ndizi, viazi na lengalenga. Huku mchana tunakula mkate na chai yenye sukari nyingi, jioni ugali na ndagala iliyotiwa chumvi, na mchuzi wenye vidonge vya kuongeza ladha, ambavyo navyo vimejaa chumvi. Baada ya zamu tunapita kabare. Hatuli hivyo kwa ujinga. Tunakula kinachopatikana haraka kwa faranga zilizo mfukoni.

KAZI NAYO INA MKONO WAKE

Hapa tunataka msomaji asome polepole, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba ugonjwa ni kosa letu wenyewe: tunakula vibaya, tunakunywa, basi tuvumilie.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walikaa kitini siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Kampuni ni ile ile, lakini madereva waliugua moyo zaidi kuliko makondakta.

Tangu mwaka 1967, watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000 walichunguzwa katika mji huo huo. Kama presha na moyo vingekuwa magonjwa ya wakubwa, wakubwa ndio wangekufa zaidi. Ilikuwa kinyume. Matarishi na mabawabu, watu wa daraja la chini kabisa, walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu kuliko mabosi wa juu. Watafiti wakatoa hesabu ya sigara, ya presha na ya mafuta ya damu, lakini tofauti kubwa ikabaki. Uchunguzi mwingine ulioanza mwaka 1985 katika ofisi hizo ulionyesha kwamba mtu asiye na sauti juu ya kazi yake, anayeamriwa kila hatua, anaugua moyo zaidi kuliko anayeweza kujipangia kazi.

Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu hii: mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17, kumpita anayefanya saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake, saa hizo ndefu ziliua watu wapatao 745,000 duniani.

Kwa hiyo, wanachama wanapodai saa za haki na mapumziko, wasiambiwe kwamba wanadai uvivu. Wanadai uhai.

Ndugu zetu wa mashamba nao wana habari yao. Huko El Salvador na Nicaragua vijana wakata miwa wamekufa kwa mafigo bila kuwa na kisukari wala presha ya zamani. Watafiti wanaona kwamba kazi nzito kwenye jua kali, bila maji ya kutosha, ina sehemu kubwa katika madhara hayo. Mahali ambapo wakata miwa walipewa maji, kivuli na mapumziko ya mara kwa mara, mafigo yaliumia kidogo zaidi. Na figo likifa, presha inapanda pamoja nalo. Anayelima miwa, mpunga au chai asikubali kuambiwa kwamba kivuli ni anasa.

DAWA ZIPO, NA ZINAFANYA KAZI

Msikubali pia maneno ya kwamba presha haina dawa. Kweli, kwa wengi haiponi moja kwa moja, lakini inashushwa na kushikwa chini. Mwaka 2019 yalitolewa majibu ya majaribio yaliyofanywa kwa Waafrika 728 katika nchi 6, zikiwemo Uganda na Kenya. Kila mgonjwa alipewa dawa mbili kwa pamoja. Walio na amlodipini katika mchanganyiko wao walishuka presha vizuri zaidi kuliko wasio nayo. Amlodipini ni dawa ya siku nyingi, inatengenezwa na viwanda vingi duniani. Lakini dawa iandikwe na daktari au muuguzi. Usimeze za jirani yako.

Kuhusu chumvi, mwaka 2021 zilitoka habari za vijiji 600 vya Uchina. Watu wapatao 21,000 walifuatwa. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Huko viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Chumvi ya namna hiyo haimfai mgonjwa wa mafigo bila ruhusa ya daktari, lakini somo ni la wote: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, ukihesabu yote iliyomo katika chakula, tusikipite.

TUFANYE NINI

Nyumbani: tuloweke samaki wa chumvi na kumwaga maji yake kabla ya kupika. Tupunguze vidonge vya mchuzi. Lengalenga, sombe na maharagwe virudi katika sahani. Sigara tuache, pombe tupunguze. Aliyepewa vidonge asiache kwa sababu anajisikia mzima. Anajisikia mzima kwa sababu anavimeza.

Mwenzako akipinda mdomo ghafula, mkono mmoja ukalegea au maneno yakamchanganyikia, usingoje asubuhi wala usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta gari, afikishwe hospitalini saa ile ile. Usimwite mlevi.

Kazini tunadai mambo manne. Kwanza, kila mfanyakazi, pamoja na vibarua wa siku, apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, kwa gharama ya tajiri. Pili, majibu apewe mfanyakazi mwenyewe kwa siri, yasiwekwe mezani kwa mkuu wa watumishi. Jambo hili ni kubwa. Wengi wanakimbia kipimo kwa kuogopa kufukuzwa, na kipimo kinachomfukuzisha mtu kazi hakimponyi. Tatu, mwenye presha asiachishwe, bali aondolewe zamu za usiku na mizigo mizito ikiwa daktari amesema hivyo. Nne, vibarua waandikwe INSS. Mwenzetu tuliyemtaja alibeba magunia miaka 11 kama kibarua wa siku. INSS ina pensheni ya ulemavu kwa aliyetimiza masharti, lakini jina lake halikupelekwa huko hata siku moja. Mkono wake ulikufa kazini, na mwisho wa mwezi hakuna faranga inayoingia.

Siku tulipoagana naye alisema kwa shida, akirudia mara mbili ili tumwelewe: "Waambieni wasiache vidonge." Tumewaambia.

Wajumbe wa viwanda vyote vya Buterere wanaombwa waandike idadi ya watu wao ambao hawajapimwa hata mara moja, bila kutaja majina, na kuileta katika mkutano ujao. Tutakwenda kwa matajiri tukiwa na hesabu hiyo mkononi.