Bakteria Anayemngoja Mnyoo

Florida ina viwanja vingi vya gofu kuliko jimbo lolote la Marekani, na sehemu kubwa ya viwanja hivyo imekaa juu ya mchanga. Nyasi inayooteshwa kwenye grini, yaani pale palipo na shimo la kutumbukizia mpira, ni ukoka: chotara wa ukoka wa kawaida na jamaa yake mwembamba wa Afrika Kusini, aliyechaguliwa kwa kuwa anavumilia kukatwa hadi kubaki na kimo cha milimita 3 hivi. Hapo ndipo taabu inapoanzia. Jani fupi hulisha mzizi mfupi, na mzizi mfupi haustahimili mashambulizi.

Mshambuliaji mkuu ni nematodi, yaani mnyoo mdogo wa udongoni, aitwaye Belonolaimus longicaudatus. Miongoni mwa nematodi wa mimea huyu ni jitu, kwani huweza kuzidi milimita 2, ingawa bila hadubini ni shida kumwona. Haingii ndani ya mzizi. Hukaa nje, akachoma ncha yake kwa sindano ndefu iliyo kinywani na kufyonza. Ncha ikiharibika, mzizi huacha kukua. Nyasi hunyauka mchana wa jua hata kama imemwagiliwa asubuhi, na mtunza uwanja asiyejua huongeza maji na mbolea bure. Mnyoo huyu hupenda mchanga, na mchanga ndio hasa unaojazwa kwenye grini za kisasa ili maji yasituame.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa fenamifosi, sumu ya jamii ya organofosfeti. Iliua minyoo, lakini ilikuwa hatari kwa ndege na kwa maji ya chini ya ardhi, na mchanga wa Florida hauzuii kitu kushuka. Mwaka 2002 Bayer ilikubaliana na serikali ya Marekani kuiondoa hatua kwa hatua, na utengenezaji ukakoma mwaka 2007. Watunza viwanja wakaanza kuuliza kwa dhati kama kuna kiumbe hai cha kuifanya kazi hiyo.

Kiumbe hicho kilikuwapo tayari, udongoni mwao wenyewe. Jenasi ya bakteria wa Pasteuria ilipewa jina na Metchnikoff mwaka 1888 kwa heshima ya Louis Pasteur. Spora zake hazitembei. Hukaa kati ya chembe za mchanga hadi nematodi apite na kuzigusa. Zikimnata ngozini, huchipua, hupenya mwilini na kuzaliana humo. Mnyoo hufa akiwa amejaa spora mpya, nazo hutawanyika mwili unapooza. Kila aina ina windo lake: Pasteuria penetrans huwashambulia minyoo fundo, ambao mkulima wa nyanya wa Afrika Mashariki anawafahamu vyema, lakini haimdhuru Belonolaimus. Anayemdhuru huyo aligunduliwa Florida, na mwaka 2003 Robin Giblin-Davis na wenzake walimwita Pasteuria usgae, kwa kuikumbuka USGA, chama cha gofu cha Marekani kilichochangia utafiti.

Giblin-Davis alionyesha kwamba udongo wenye spora hizo ukihamishiwa kwenye grini, idadi ya minyoo hushuka. Lakini hushuka polepole, kwa zaidi ya mwaka mzima. Isitoshe, bakteria huyu alikuwa akizaliana ndani ya nematodi peke yake. Kampuni ya Pasteuria Bioscience ya Alachua ilifaulu kumkuza kwenye matangi, na mwaka 2010 bidhaa ya Econem ikaingia sokoni. Matumaini yalikuwa makubwa. Majaribio ya viwanjani ya William Crow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, yaliyochapishwa mwaka 2011, hayakuonyesha kwamba inapunguza minyoo.

Naona kosa liko katika kumtarajia bakteria afanye kazi kama sumu. Sumu humfuata mnyoo popote maji yanapofika. Spora humngoja, na windo likiwa haba, nayo haiongezeki. Kwa hiyo anayemwaga sumu kali kila msimu huku akitegemea Pasteuria anamnyima mshirika wake chakula. Vivyo hivyo kwa bidhaa nyingine za kibayolojia, zikiwamo za Bacillus firmus na za kuvu Purpureocillium lilacinum: zitumie mapema, mizizi ikiwa bado mizima, na pandisha kidogo kimo cha kukata nyasi wakati wa joto. Pale ambapo ukoka umeshaanza kufa, dawa mpya kama fluopiramu bado zinahitajika, na kukataa kuzitumia ni kuitupa nyasi.

Lolote utakalochagua, anza na maabara. Huko Florida, minyoo 10 wa aina ya Belonolaimus katika sentimita za ujazo 100 za udongo wanatosha kuhesabiwa hatari kwa ukoka. Chota udongo pembezoni mwa sehemu iliyoathirika, si katikati palipokufa, maana minyoo hufuata mizizi hai. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki, usiuache ndani ya gari lililo juani, na uupeleke upesi: minyoo wakifa njiani, maabara itakuambia uwanja wako ni salama.