Kabla Hujamtumia Wakili Fedha

Mama, wewe na mumeo mmejinyima miaka mingi ili mnunue nyumba. Wakili mnawasiliana naye kwa barua pepe. Ijumaa mchana inafika barua: "Akaunti yetu imebadilika. Tumeni fedha leo." Jina ni lake, hata bei ya nyumba ni ile ile. Je, mtatuma?

Ngojeni kwanza! Wezi huingia katika barua pepe za wakili au za mteja, kuzisoma kimya kimya na kuingoja siku ya malipo. Nchini Uingereza huipenda Ijumaa, kwa kuwa nyumba nyingi hulipiwa siku hiyo, na udanganyifu hugunduliwa Jumatatu. Huko Marekani, mwaka 2023 FBI ilipokea malalamiko 21,489 ya udanganyifu wa malipo kwa barua pepe. Hasara ilizidi dola bilioni 2.9.

Itazame anwani herufi kwa herufi. Kisha mpigie wakili simu kwa namba aliyokupa mlipoonana, si ile iliyo katika barua hiyo. Akithibitisha kwa kinywa chake, lipa. Ikiwa umekwisha kutuma, kimbilia benki saa hiyo hiyo, wala usimfiche mumeo kwa aibu.