Kompyuta Isomayo kwa Sauti: Ulipie Nini, Usilipie Nini

Mtu ambaye macho yake yamefifia, au mzazi ambaye mwanawe haoni, huenda akaambiwa dukani kwamba ni lazima anunue leseni ndipo kompyuta ya nyumbani imsomee maandishi kwa sauti. Kabla hajatoa fedha, tungependa ajue kwamba zipo programu huria za kazi hiyo, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kumgawia mwenzake.

eSpeak NG hugeuza maandishi kuwa sauti katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo. NVDA ni kisoma skrini cha kompyuta za Windows. Kilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. NVDA huja na eSpeak NG ndani yake, na huweza kubebwa katika flashi.

Programu zote mbili zina leseni ya GPL. Leseni hiyo haimzuii fundi kudai ujira wake wala bei ya flashi. Humzuia kukunyima haki ya kunakili. Basi akidai ada ya kila mwaka, au akisema nakala yako ni ya kompyuta moja tu, mwombe aandike jina la programu katika stakabadhi. Ikiwa ni mojawapo ya hizi, dai hilo halina msingi.

Ipo faida nyingine, nasi twaiona kubwa kuliko bei. Huduma kadhaa za kusoma kwa sauti hupeleka maandishi yako kwa njia ya intaneti hadi kwenye mitambo ya kampuni. eSpeak NG hufanya kazi yote ndani ya kompyuta yako, hata pasipo intaneti. Barua ya benki au majibu ya hospitali hayatoki nyumbani.

Hatutaki kumdanganya mtu: sauti yake ni kavu. Haikurekodiwa kinywani mwa msomaji, bali huundwa kwa hesabu; ndiyo maana programu ni ndogo na huenda vizuri hata katika kompyuta kuukuu. Kasi yake ya kawaida ni maneno 175 kwa dakika, nayo humchosha anayeanza. Ipunguze.

Kiswahili kikisikika kama kimevunjwavunjwa, usikimbilie kwa fundi. Yaelekea sauti iliyochaguliwa ni ya Kiingereza. Katika NVDA, bonyeza Insert na N kwa pamoja, ufungue mipangilio ya usemaji, kisha uchague sauti ya Kiswahili. Kitufe cha Control hunyamazisha usomaji papo hapo. Barua iliyopigwa picha haitasomeka mpaka igeuzwe kwanza kuwa maandishi.

NVDA ipakuliwe kutoka kwa watengenezaji wenyewe, NV Access. Ukurasa wao huomba mchango. Kutoa ni hiari, na asiyetoa hupata programu ileile.