Mlango wa Kioo wa Kuteleza: Kumzuia Mwizi Bila Kuifungia Familia Ndani

Nyumba nyingi zinazojengwa katika miaka ya karibuni zimeacha mlango wa mbao wa sebuleni na kuchukua mlango wa kioo wenye fremu ya aluminiamu, ule unaosukumwa pembeni badala ya kufunguliwa kwa bawaba. Mafundi huuita slaidi. Faida zake zinaonekana: huingiza mwanga na hewa, hauchukui nafasi ya chumba unapofunguliwa, hauliwi na mchwa, wala haupindi wakati wa masika kama mbao ambayo haikukaushwa vizuri. Hata hivyo, mlango huo usipofungwa inavyostahili huwa ndio sehemu dhaifu kuliko zote katika nyumba, kwa kuwa mara nyingi unaelekea barazani au uani, mahali ambapo macho ya majirani hayafiki.

Makala haya yanaeleza udhaifu wa mlango huo uko wapi, mkazi anawezaje kuukagua mwenyewe, na hatua zipi zichukuliwe, kuanzia zile zisizo na gharama kubwa. Yanaeleza pia jambo moja linalosahauliwa na wengi: mlango unaomzuia mwizi asiingie haupaswi kuizuia familia kutoka pale moto unapozuka.

UDHAIFU ULIPO

Watu wengi hudhani kuwa hatari kubwa ni kioo kuvunjwa. Kioo kinaweza kuvunjwa, lakini kuvunja kioo kipana kuna kishindo kinachoamsha nyumba nzima, na vipande vyake vyenye makali humtisha hata mwizi mwenyewe. Mwizi huipendelea njia ya kimya, na katika mlango wa aina hii njia hizo ni mbili.

Ya kwanza ni komeo. Komeo la kawaida la slaidi ni kulabu ndogo inayoingia katika tundu la fremu. Kulabu hiyo hushikiliwa na skrubu fupi zilizokazwa kwenye aluminiamu nyembamba. Mtu akipenyeza bisibisi kubwa au kipande cha nondo kati ya mlango na fremu, kisha akabinua, kulabu hupinda au skrubu hung'oka.

Ya pili ni reli. Mlango husimama juu ya magurudumu madogo yanayotembea kwenye reli ya chini, huku ukingo wake wa juu ukiwa ndani ya mfereji wa fremu. Ili fundi aweze kuupachika, mfereji huo wa juu huachwa na kina cha ziada: paneli hunyanyuliwa kwanza, kisha hushushwa juu ya reli. Kilichoingia kwa kunyanyuliwa hutoka kwa kunyanyuliwa. Pengo la juu likiwa kubwa, mtu aliye nje anaweza kuunyanyua mlango uliokwisha kufungwa kwa ufunguo, akautoa relini pasipo kuvunja kioo.

UKAGUZI WA MKAZI MWENYEWE

Ukaguzi ufanyike mchana, na usichukue zaidi ya dakika chache. Mkazi atazame mambo yafuatayo:

1. Afungue mlango nusu, aushike kwa mikono miwili na kuunyanyua. Magurudumu yakiachana na reli, mlango huo unaweza kutolewa na mtu wa nje.

2. Aufunge kwa komeo, kisha auvute kwa nguvu kuelekea upande wa kufungukia. Ukicheza au kutoa mlio wa chuma kulegea, komeo limechoka au skrubu zake zimelegea.

3. Atazame paneli inayotembea iko kwenye reli ya ndani au ya nje, na kama ile paneli ya pili imefungwa moja kwa moja au nayo inatembea. Jibu la swali hili ndilo linaloamua kinga inayofaa.

4. Atazame ukanda mwembamba wa aluminiamu na mpira unaoshikilia kioo umewekwa upande gani. Ukiwa upande wa nje, mtu anaweza kuubandua na kukitoa kioo kizima. Fundi aitwe augeuze au aukaze kwa namna isiyobanduka kirahisi.

5. Asafishe reli na kusikiliza magurudumu. Mchanga ukijaa relini, mlango huwa mzito. Na mlango mzito ndio ambao watu wa nyumbani huuacha haujafika mwisho, wakidhani wameufunga.

KIPANDE CHA MBAO KATIKA RELI

Kinga ya kwanza, ambayo karibu kila familia inaimudu, ni kipande cha mbao ngumu au bomba la chuma la mraba kinacholazwa ndani ya reli ya chini. Mlango ukiwa umefungwa, hupimwa umbali kati ya ukingo wa paneli inayotembea na fremu ya upande inakoelekea kufungukia. Kipande hukatwa kwa kipimo hicho, kikipunguzwa milimita chache tu ili kiingie na kutoka bila shida. Hata komeo likivunjwa, mlango hauna pa kwenda.

Kinga hii ina masharti mawili. La kwanza, inafaa pale ambapo paneli inayotembea iko kwenye reli ya ndani. Ikiwa inatembea kwenye reli ya nje, mbao iliyolazwa ndani ya nyumba haiizuii hata kidogo. Hali kadhalika, pale ambapo paneli zote mbili zinatembea, mbao itaizuia moja na kuiacha nyingine huru. La pili, kipande kikae imara bila kuinuka kirahisi, kwa kuwa mwizi mwenye waya uliopindwa anaweza kukiinua kupitia upenyo mdogo wa pembeni. Zipo pia nguzo za chuma zinazofungwa kwa bawaba kwenye fremu, katikati ya urefu wa mlango, ambazo hushushwa usiku na kuinuliwa asubuhi. Hizo haziondolewi kwa waya.

Katika maeneo ya joto, familia nyingi hulala mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo ili hewa ipite. Mlango ulioachwa hivyo haujafungwa. Wanaohitaji hewa ya usiku watumie madirisha yenye grili.

KUZUIA MLANGO USINYANYULIWE

Dawa ya pengo la juu ni skrubu mbili au tatu zinazokazwa ndani ya mfereji wa juu, kwa kupangana, juu ya njia ya paneli inayotembea. Haziingizwi hadi mwisho. Vichwa vyake huachwa vikining'inia kiasi cha kuacha nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya kichwa cha skrubu na ukingo wa mlango. Mlango utapita chini yake kama kawaida, lakini hautapata nafasi ya kunyanyuka. Kabla ya kutoboa, magurudumu yarekebishwe. Milango mingi ina skrubu ndogo chini ya ukingo wa pembeni inayoinua au kuishusha paneli, na mara nyingine marekebisho hayo peke yake huliziba pengo lote.

PINI YA KUUNGANISHA PANELI MBILI

Kwa milango ambayo mbao ya relini haiwezi kuisaidia, kinga iliyo bora ni pini ya chuma. Mlango ukiwa umefungwa, fremu za paneli mbili hukutana na kulaliana katikati. Fundi hutoboa tundu linalopita katika fremu ya ndani na kuingia katika fremu ya nje bila kutokeza upande wa pili, kisha pini ya chuma huchomekwa humo. Paneli hizo mbili huwa kitu kimoja: haziwezi kuteleza wala kunyanyuliwa. Tundu litobolewe likiinama kidogo kuelekea chini, ili mlango ukitikiswa pini isichomoke. Kazi hii ifanywe na fundi wa aluminiamu mwenye drili na mwenye kujua kioo kimeishia wapi ndani ya fremu, kwa sababu ncha ya drili ikigusa kioo, kioo chote hupasuka.

KIOO CHENYEWE

Vioo havifanani. Kioo cha kawaida huvunjika vipande virefu vyenye ncha, na ni hatari kwa watoto hata pasipokuwa na mwizi. Kioo kilichoimarishwa kwa joto kiwandani ni kigumu zaidi, na kikivunjika husagika kuwa punje ndogo zisizokata sana. Kinalinda mwili wa mtu, lakini kikishavunjika njia imekwisha kuwa wazi. Kioo cha tabaka mbili zilizogundishwa kwa utando wa plastiki katikati ndicho kinachochelewesha uvamizi, kwa sababu kikipasuka vipande hubaki vimeng'ang'ania utando. Anayejenga sasa amuulize fundi ni kioo gani anachokileta kabla ya kulipa.

Kwa mlango uliokwisha kuwekwa, ipo karatasi ya plastiki ya usalama inayobandikwa upande wa ndani wa kioo. Isichanganywe na ile nyembamba ya kuzuia jua. Ya usalama ni nene zaidi, na hufanya kazi vizuri pale kingo zake zinapounganishwa na fremu.

GRILI NA NJIA YA KUTOKEA

Wengi hukamilisha ulinzi kwa grili ya chuma au geti la kukunja nyuma ya kioo. Ni kinga yenye nguvu, lakini hapa ndipo tahadhari kubwa inapohitajika. Moto wa nyumba hutokea bila taarifa: hitilafu ya umeme, mshumaa, jiko la mkaa lililosahauliwa. Moshi huijaza nyumba kwa dakika chache, taa huzimika, na watu hutafuta mlango kwa kupapasa. Grili yenye kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo hugeuka kuwa ukuta.

Kwa sababu hiyo, kila familia ijiwekee kanuni moja: kinga yoyote iliyo mlangoni iweze kufunguliwa kutoka ndani, gizani, na mtu yeyote wa nyumba hiyo mwenye umri wa kuelewa, kabla hajahesabu hadi thelathini. Ili kanuni hiyo itimie:

– Ufunguo wa grili utundikwe mahali pamoja siku zote, karibu na mlango lakini mbali kiasi ambacho mkono wa mtu aliyevunja kioo hauwezi kuufikia.

– Ufunguo huo usiondoke na mtu. Mwenye nyumba akisafiri nao mfukoni, amewaacha aliowaacha wakiwa wamefungiwa. Uchongwe ufunguo wa pili.

– Watoto, wazee na msaidizi wa kazi za nyumbani waonyeshwe namna ya kuondoa mbao, pini na kufuli, kisha wajaribu wenyewe taa zikiwa zimezimwa.

– Pasiwe na nyumba ambayo madirisha yake yote yana grili zilizochomelewa na mlango mmoja tu wa kutokea. Angalau grili ya dirisha moja upande wa vyumba vya kulala iwe na bawaba.

Wakazi wanaonywa vilevile dhidi ya kuunganisha umeme kwenye grili au fremu ya aluminiamu kwa nia ya kumnasa mwizi. Umeme haumtambui mwizi; utamuua mtoto aliyeamka usiku au jirani aliyekuja kuomba msaada.

KWA WAPANGAJI

Mpangaji haruhusiwi kutoboa fremu pasipo idhini ya mwenye nyumba, lakini hakuna anayemzuia kuweka mbao relini, kwani haiachi alama. Kwa kazi za skrubu, pini na grili, mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane kwa maandishi nani atagharimia na nini kitabaki mpangaji akihama. Makubaliano hayo mafupi huondoa ugomvi wa baadaye.

NJE YA MLANGO

Mlango hulindwa pia na kilicho nje yake. Vichaka vinavyoficha baraza vipunguzwe. Taa ya nje iwashwe usiku au iwe ya kuwaka yenyewe mtu anapopita. Ngazi, majembe, nondo na mitaimbo visilale uani, maana mwizi hutumia zana za mwenyeji. Pazia zito lishushwe jioni ili runinga na kompyuta zisionekane kutoka nje.

Mlinzi wa kwanza wa kila nyumba ni jirani. Anayesafiri amjulishe jirani anayemwamini, na ashiriki katika mipango ya ulinzi shirikishi ya kijiji, kitongoji au mtaa wake. Mgeni anayezungukazunguka bila shughuli inayoeleweka aripotiwe kwa mwenyekiti au kwa Polisi Kata. Asipigwe. Kujichukulia sheria mkononi ni kosa la jinai, na mara nyingi aliyeumizwa hubainika kuwa hana hatia.

IWAPO MLANGO UMEVUNJWA

Atakayerudi na kukuta mlango umevunjwa asiingie, kwani mhalifu anaweza kuwa bado yumo. Apige simu ya dharura ya polisi, 112, na awajulishe majirani. Reli, komeo na vipande vya kioo visiguswe wala kufagiliwa kabla ya askari kufika. Taarifa iandikishwe kituoni na mlalamikaji apewe namba yake, ile inayojulikana kama RB. Kazi ya upelelezi huwa nyepesi pale mwenye mali anapokuwa na namba za vifaa vyake. Namba ya utambulisho ya simu hupatikana kwa kubonyeza *#06#, nayo iandikwe leo na kuhifadhiwa mbali na simu yenyewe.

Kwa moto, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba zote mbili zibandikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaziona.

Mkazi anayetarajia kujenga au kubadilisha milango ya nyumba yake anashauriwa kufika katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata, ambako ataelekezwa kwa wataalamu wa ujenzi wa Halmashauri kabla hajanunua vifaa. Kwa mlango uliokwisha kuwekwa, kazi ya kwanza ni kuufungua nusu na kuunyanyua, na inaweza kufanyika leo kabla jua halijazama.